Mpiga Zeze Aliyelipwa Mshahara

Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kamunyonge, Musoma



Katibu aliponialika alinitaka nizungumze juu ya kazi na maisha. Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali, nadhani ilitazamiwa kwamba nitasimulia habari za majalada, madokezo na kupandishwa vyeo. Habari hizo zina wasikilizaji wake, nao aghalabu wamekwisha kustaafu. Lakini katika barua ile ile Katibu alidokeza kwamba kamati imegawanyika kuhusu fedha za chumba cha muziki. Wako wanaotaka kinanda cha umeme na vipaza sauti. Wako wanaosema fedha hizo ziende maabara, kwa maana muziki haujapata kumpa mtu kazi. Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nibadili mazungumzo yangu. Nataka kuwaeleza habari za Mtanzania mmoja ambaye muziki ulimpa kazi kwa miongo mitatu na zaidi, tena kazi ya kuajiriwa na Serikali, ingawa hakuwa mpiga gitaa wala tarumbeta. Alipiga zeze.

Jina lake ni Hukwe Ubi Zawose. Alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doma, Ugogoni, katika nchi ile kame ya mibuyu na ng'ombe ambayo wengi wetu huiona kupitia dirisha la basi tukienda Dodoma. Wagogo ni watu wa kuimba kwa sauti nyingi, na kwao ala za muziki ni mali ya kawaida ya nyumbani, kama kibuyu cha maziwa. Zawose alikulia humo, na zeze hakulitafuta mbali.

Kwa ninyi mliozaliwa huku Mara, zeze si kitu kigeni. Wajaluo wa Rorya wana orutu: uzi mmoja, mzinga mdogo uliowambwa ngozi, na uta unaosugua uzi hadi ulie. Zeze la Wagogo ni la ukoo huo huo, ila lina nyuzi zaidi, mbili au nne, na Zawose aliunda mazeze yenye nyuzi nyingi kuliko hizo. Fidla tunazozisikia katika taarabu ya Unguja ni jamaa yao pia, ingawa zimepita njia nyingine kufika hapa. Litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane na mvumo unaotikisa kifua, ni la ukoo mwingine, kwa sababu lenyewe hudonolewa kwa vidole, halisuguliwi kwa uta.

Ala yake ya pili ilikuwa ilimba. Huu ni ubao wenye uwazi ndani, umepangwa vichuma juu yake, na mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba. Wagogo hutoboa matundu katika ubao na kuyaziba kwa utando mwembamba wa buibui, ndiyo maana mlio wake una mvumo kama nyuki waliomo mzingani. Viko vichuma ambavyo havipigwi kabisa. Vimewekwa ili viitikie vyenyewe pale jirani zao wanapopigwa. Mimi niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliikumbuka ofisi moja ya Serikali niliyopata kufanya kazi, lakini tuyaache hayo. Zawose aliziunda ilimba zake kwa mikono yake, akaongeza vichuma mpaka nyingine zikawa kubwa ajabu. Juu ya ala hizo aliweka sauti yake, ambayo iliweza kushuka chini kama ngurumo ya mbali, kisha ikapanda juu kama ya mtoto mdogo, katika wimbo ule ule na pumzi ile ile.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nije kwenye suala la mshahara.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi yetu kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge. Katika hotuba hiyo alieleza kwa nini anaunda wizara mpya ya utamaduni na vijana. Alisikitika kwamba vijana waliosoma walijua kucheza dansi za Ulaya na Marekani, na hali wengi wao hawakuwa wamepata hata kusikia majina ya ngoma za makabila yetu. Sisi watu wa Mara tunapenda sana kujitapa kwamba Mwalimu ni wa Butiama, na Butiama ni hapo tu. Lakini sisikii tukijitapa kwa jambo hili, nalo lilikuwa na matokeo. Kikundi cha ngoma cha Taifa kiliundwa, na watu wenye vipaji wakatafutwa mikoani. Katika miaka hiyo ya 1960 habari za Zawose zilimfikia Mwalimu, naye akamwalika Dar es Salaam aishi na kufanya kazi huko.

Naomba vijana mlisikie neno hilo "kazi" kama sisi watumishi tunavyolisikia. Mpiga zeze kijijini hupewa pombe, kuku, au sifa. Akiugua, zeze hunyamaza. Akiwa na njaa huenda shamba kama wengine, na ule muda ambao angeutumia kuunda ala au kutunga nyimbo unaishia kwenye jembe. Mtu anapoajiriwa apige zeze, maana yake ni kwamba asubuhi yake, mchana wake na jioni yake vimenunuliwa kwa ajili ya zeze. Yeye alizitumia saa hizo. Alitunga kwa Kigogo na kwa Kiswahili, akaboresha ala, akafundisha. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, Zawose alikuwa miongoni mwa watu wake, na Bagamoyo ikawa maskani yake hadi mwisho. Siku hizi chuo hicho tunakiita Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa.

Nimepata kuona bajeti nyingi katika kazi yangu. Najua jinsi fungu la utamaduni linavyokuwa la kwanza kupunguzwa, kwa sababu hakuna mgonjwa atakayekufa siku hiyo na hakuna daraja litakaloanguka. Basi tuulize kama wakaguzi wa hesabu: Serikali ile ilinunua nini kwa fedha iliyomlipa mpiga zeze mmoja?

Mwaka 1985 ilitoka London santuri ya wanamuziki wa Bagamoyo iitwayo Tanzania Yetu, na mwaka 1987 ikafuata nyingine, Mateso. Zote mbili zilitolewa na kampuni ndogo iitwayo Triple Earth. Hiyo ilikuwa miaka ambayo hapa nyumbani sabuni na sukari vilikuwa vya kupanga foleni, na jina la nchi yetu katika magazeti ya huko lilitajwa pamoja na madeni. Wajapani nao walimrekodi. Baadaye Real World, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1989 na mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, ilimrekodi na mwaka 1996 ikatoa Chibite. Huyo Gabriel ndiye pia aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa tamasha la WOMAD, ambalo lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1982 na ambalo liliwapandisha jukwaani wanamuziki wa nchi kama zetu mbele ya umati mkubwa wa Ulaya.

Chibite ndiyo niipendayo kuliko zote. Humo hakuna mapambo. Ni sauti, ilimba, zeze, kengele za miguuni, na kijana wake Charles Zawose, mtoto wa nduguye, akiitikia. Vijana mkiipata kwenye simu zenu, isikilizeni usiku, tena bila kufanya kazi nyingine.

Mwaka 2002 alifanya jambo lililowaudhi baadhi ya wapenzi wake. Yeye na Charles walishirikiana na Michael Brook, mpiga gitaa na fundi wa sauti kutoka Kanada, wakatoa Assembly, ambamo ilimba na zeze vimechanganywa na gitaa la umeme na mitambo. Wako waliosema mzee ameuza asili. Mimi nimeisikiliza mara nyingi, na maoni yangu ni kwamba kuna mahali mitambo imezidi, kama mgeni asiyejua kunyamaza. Lakini kuuza asili, hapana. Yule mzee hakubadili namna yake ya kuimba hata kidogo. Waliomfuata ndio waliolazimika kutega masikio na kurekebisha mitambo yao ipatane na ilimba. Mwaka huo huo wa 2002 walikuwa katika ziara ya Peter Gabriel huko Marekani, katika kumbi ambazo watazamaji wake hawakuja kwa ajili ya muziki wa Wagogo, nao wakaimba Kigogo.

Hapo kwenye kupatana kwa sauti ndipo penye ugomvi wetu wa kinanda, kwa hiyo naomba mnivumilie niingie kidogo katika fizikia. Mwalimu wa somo hilo atanisahihisha.

Chukua uzi mmoja uliokazwa. Uguse katikati kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, kisha uusugue kwa uta. Utasikia sauti ya juu, tofauti na ile ya uzi wenyewe. Gusa kwenye theluthi, utasikia nyingine ya juu zaidi. Kwenye robo, nyingine tena. Sauti hizi hazikutungwa na mtu, zimo ndani ya uzi, na vivyo hivyo zimo ndani ya koo la mwanadamu. Ngazi ya muziki wa Wagogo imejengwa juu ya sauti hizo za asili, hasa kuanzia ile ya sita hadi ya kumi. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki, alikuwa mmoja wa watu walioliona jambo hilo mapema na kuliandika. Sasa kati ya sauti hizo, ile ya saba haimo katika kinanda. Inaangukia kati ya kitufe kimoja na kingine. Unaweza kupiga kitufe cha kushoto ukakosa, ukapiga cha kulia ukakosa.

Fikirini basi jambo litakalotokea hapa shuleni. Tunanunua kinanda kizuri, tunamwajiri mwalimu mzuri aliyejifunza kwa kinanda. Anakuja kijana kutoka Rorya au Tarime ambaye babu yake amemfundisha orutu au litungu. Anapiga. Mwalimu anabonyeza kitufe kupima, anatikisa kichwa, anamwambia, "Kijana, umekosea sauti." Naye kijana, kwa kuwa ni mtiifu, anaacha. Angekuwa Hukwe Zawose mdogo, tungekuwa tumempoteza siku hiyo, kwa nia njema kabisa na kwa fedha za michango yetu.

Simpingi Mheshimiwa aliyependekeza kinanda. Kinanda kinafundisha kusoma noti, kinasaidia kwaya, na kijana anayejua vyote viwili atakwenda mbali kuliko anayejua kimoja. Bendi zilizovuma mkoani kwetu, Mara Jazz na Musoma Jazz, zilipiga magitaa ya Kizungu, na hakuna aliyezilaumu. Ng'ambo ya mpaka, magwiji wa benga walichukua midundo ya nyatiti na orutu wakaihamishia kwenye nyuzi za gitaa. Lakini waliweza kuihamisha kwa sababu walikuwa nayo kwanza. Kijana asiyepata kusikia litungu hana cha kuhamisha.

Wale wasemao muziki haujampa mtu kazi nawajibu kwa hesabu ya ukoo. Zawose alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Charles alimfuata mwaka 2004. Wengi tulidhani mambo yamekwisha, maana nguzo mbili zilianguka katika muda mfupi. Hayakwisha. Mwanawe Msafiri alitoa sahani yake iitwayo Uhamiaji mwaka 2017. Na mwaka 2024 Real World walitoa Maisha, ya kundi liitwalo The Zawose Queens, ambalo viongozi wake ni Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Hili la mwisho naomba mabinti walisikie vizuri. Kwa mila za Wagogo wanawake wana ngoma yao kubwa, muheme, nao huimba. Lakini zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume. Miaka mingi akina mama wa ukoo ule waliimba nyuma. Sasa wanashika zeze na ilimba wenyewe, wanatunga nyimbo zao, na wanasafiri nazo. Serikali iliajiri mtu mmoja katika miaka ya 1960, na matunda yake yanavunwa na mjukuu.

Sitaki kuwadanganya vijana kwamba ni njia ya utajiri. Sijaona mtu aliyejenga ghorofa kwa zeze. Ni kazi ya kusafiri sana, ya kuwa mbali na nyumbani, ya kulipwa vizuri msimu mmoja na kungoja misimu miwili. Yahitaji pia kujua haki. Tangu mwaka 1999 nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na sheria hiyo inagusa hata sanaa za jadi. Mtunzi kijana asiweke sahihi kwenye karatasi yoyote ya kampuni kabla hajaisoma yote pamoja na mtu anayeielewa. Nawaambia hivyo kama mtu aliyesoma mikataba kwa miaka mingi: maneno yenye madhara kwa kawaida yako ukurasa wa pili kutoka mwisho.

Tulipokuwa kidato cha pili alikuwepo mwenzetu mmoja, wengine mnamkumbuka, sitamtaja maana yupo na ana heshima zake. Aliunda orutu kwa kopo la mafuta ya kupikia, mti wa mpera na waya wa breki ya baiskeli. Alikuwa akipiga nyuma ya jiko jioni, na wapishi wakimwongezea ukoko wa ugali. Leo ni mganga katika zahanati, tena mganga mzuri, na bado anapiga. Mwezi uliopita nilimpigia simu nikamwuliza ni nani aliyemfundisha. Akasema ni mjomba wake, ambaye amekwisha fariki, na kwamba katika kata yao hajui kijana hata mmoja anayeipiga sasa. Nikamwuliza wazee wamebaki wangapi. Akanyamaza kidogo akihesabu, kisha akasema, "Wawili. Mmoja haoni."

Ndiyo sababu, Ndugu Mwenyekiti, naleta pendekezo la tatu. Kinanda kinunuliwe, lakini kiwe kidogo, na vipaza sauti viachwe mwaka huu. Salio liwalipe wazee wawili, mmoja wa litungu na mmoja wa orutu, wafike hapa siku mbili kila juma kwa mihula miwili. Walipwe kwa mkataba ulioandikwa, pamoja na nauli na chakula, kama anavyolipwa mwalimu wa muda. Tusiwaite kwenye mahafali wapige dakika tano, tuwapigie makofi na kuwapa soda. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali, na sanaa zina nafasi humo. Kwa hiyo Mkuu wa Shule hatakuwa anakwenda kinyume na Wizara.

Ala ziundwe hapa hapa, katika karakana ya useremala. Jambo moja tu la tahadhari: wazee watataka ngozi ya kenge, maana orutu ya asili huwambwa hiyo. Kenge ni mnyamapori na ngozi yake bila kibali itatuletea askari wa wanyamapori getini. Tutumie ngozi ya mbuzi. Mganga wetu ameijaribu, anasema inalia vizuri ila yahitaji kuanikwa juani kabla ya kupiga.

Na wanafunzi wawarekodi wazee hao tangu siku ya kwanza, kwa simu, huku wakiandika jina la kila wimbo, jina la mzee aliyeuimba, alikotoka, na aliyemfundisha. Nakala moja ikae maktaba ya shule na nyingine wapewe wazee wenyewe na jamaa zao.

Nimeambiwa kura itapigwa baada ya chakula cha mchana. Yule mzee wa orutu asiyeona amekubali kuja, nimekwisha kuzungumza naye. Sharti lake ni moja, kwamba afuatwe nyumbani kwa gari, kwa sababu mjukuu aliyekuwa akimshika mkono anasoma shule ya bweni. Nimemwahidi kwamba gari litakuwepo Jumatatu ya kwanza ya muhula, na mafuta ya mwezi wa kwanza nitayalipa mimi, hata kama kura itakwenda upande mwingine.